Mfuko wa Baraza na Shule ya Mlimani

Ukisimama Sironga, katika Kaunti ya Nyamira, waona chini yako bonde la majimaji lililoota mafunjo. Kandokando yake pana migomba, chai na miwa, na mikaratusi iliyopandwa na watu wapendao faida ya upesi. Mahali pengine udongo umechimbwa, na matofali yamepangwa yakingoja kuchomwa. Mwanafunzi aishiye juu ya bonde hilo aweza kusoma kitabuni habari za ardhi oevu, akachora picha ya mizizi ya mafunjo ichujavyo maji, akapata maksi nzuri katika mtihani, wala asishuke bondeni hata siku moja pamoja na mwalimu wake. Ukiuliza sababu utatajiwa nyingi: muda hautoshi, mwalimu ana vipindi vingine, wazazi wana hofu. Lakini ukizidi kuuliza utafika mwisho kwenye swali moja fupi: nani atalipa? Insha hii ni historia ya swali hilo.

Wazee wa Abagusii hawakuwa na jina la elimu ya nje, kwa kuwa hawakuwa na elimu ya ndani ya kuipambanua nayo. Kabla ya utawala wa Waingereza walikuwa na makambi ya ng'ombe yaliyoitwa ebisarate; kambi moja ni egesarate. Vijana wa kiume walikaa huko, mbali na nyumba za wazazi wao, wakilinda mifugo usiku na mchana dhidi ya adui na wanyama wakali. Huko ndiko kijana alikojifunza njia za nchi yake, malisho na vijito, kuvumilia baridi na njaa, na kumtii aliyemtangulia. Maziwa yalitoka kwa ng'ombe wale wale waliolindwa, na chakula cha nafaka kililetwa kutoka nyumbani. Nataka ulishike jambo hilo, maana ndilo kiini cha maneno yangu yote: gharama ilikuwapo, walakini ilibebwa na ukoo, na kijana hakuulizwa ada mlangoni.

Nisikudanganye kwamba egesarate ilikuwa shule tu. Ilikuwa kambi ya mashujaa vilevile, na mashambulio ya kuteka ng'ombe yalipangwa humo. Wala haikuwekwa kwa ajili ya wasichana. Kwa hiyo watawala wapya waliitazama kwa jicho baya. Majeshi ya Waingereza yaliwapiga Abagusii mwaka 1905, na tena mwaka 1908, baada ya kijana Otenyo kumchoma mkuki Northcote, mtawala wa wilaya. Miaka michache baadaye, mnamo 1912 na 1913, serikali ikayavunja makambi hayo, na vijana wakarudishwa majumbani pamoja na ng'ombe wao. Hivyo ndivyo nchi hii ilivyopoteza mafunzo yake ya nje, na hapana kitu kilichowekwa mahali pake kwa muda mrefu.

Kilichokuja baadaye kilikuwa darasa, na hapa ndipo mfuko wa baraza unapoingia katika habari yetu. Kwa sheria ya mwaka 1924 serikali ya kikoloni iliunda Mabaraza ya Wenyeji, nayo yakaanza kazi mwaka 1925. Mtawala wa wilaya ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na hakuna shilingi iliyotumika bila idhini ya wakubwa. Hata hivyo baraza lilikuwa na uwezo mmoja mkubwa: liliweza kuwatoza watu wake kodi ndogo juu ya kodi ya serikali, na kuamua fedha hiyo ifanye kazi gani. Unafikiri wazee wale, ambao wengi wao hawakujua kusoma, waliamua nini? Waliamua shule. Walitaka shule isiyo chini ya misheni yoyote, yenye kupita darasa za chini. Katika miaka ya 1930 zilisimama shule tatu za serikali kwa nguvu ya fedha za mabaraza, moja Kakamega, moja Kagumo, na ya tatu Kisii. Shule ya Kisii, ambayo huenda kaka yako au babu yako alisoma, ilianza katikati ya miaka hiyo.

Sioni sababu ya kuwalaumu wazee hao kwa kununua chaki na madawati badala ya mlima na mto. Mlima na mto walikuwa nao bure. Kisichopatikana kilikuwa kitabu. Lakini walituachia mfano ambao tumeusahau upesi, kwamba baraza dogo la wilaya maskini laweza kujitoza kodi kwa ajili ya elimu ya watoto ambao hata hawajazaliwa.

Wakati mabaraza yetu yalipokuwa yakijenga madarasa, huko Ulaya walikuwako watu waliokwisha kuona kasoro za darasa. Mmoja wao alikuwa Kurt Hahn, Mjerumani wa asili ya Kiyahudi, aliyeanzisha shule ya Salem mwaka 1920. Alimpinga Hitler waziwazi, akatiwa gerezani, kisha akahamia Uingereza mwaka 1933. Mwaka uliofuata alianzisha shule ya Gordonstoun huko Scotland. Vita vya pili vilipowaka, mwenye meli mmoja aitwaye Lawrence Holt aliona kwamba meli ikizamishwa mabaharia vijana hufa katika mashua za kuokolea kabla ya wazee, ijapokuwa vijana ndio wenye miili ya nguvu. Kilichopungua si nguvu. Ni mazoea ya kuvumilia. Basi mwaka 1941 watu hao wawili walifungua kituo huko Aberdovey, pwani ya Wales, cha kuwafunza vijana kwa muda wa majuma machache baharini na milimani. Kazi hiyo ikaitwa Outward Bound, jina la merikebu inayong'oa nanga kuelekea bahari kuu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 fikira hiyo ilifika kwetu. Kituo kilijengwa Loitokitok, katika nchi ya Wamasai, kwenye miteremko ya kaskazini ya Kilimanjaro. Vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika walikaa hapo muda wa majuma matatu hivi, wakikimbia alfajiri, wakioga maji ya baridi, wakijifunza kamba, ramani na huduma ya kwanza, na mwishoni wakiupanda mlima wenyewe, ambao urefu wake ni mita 5,895. (Kilele kiko Tanzania, kwa hiyo kila mhitimu alivuka mpaka kwa miguu, na wengi hawakujua ni wapi walipouvuka.) Waafrika, Wahindi na Wazungu walilala chumba kimoja na kula meza moja, katika siku ambazo hoteli za Nairobi hazikuruhusu jambo kama hilo. Kwangu mimi hilo lapita mlima kwa ukubwa.

Lakini tazama ni nani aliyefika pale. Kituo kilikuwa mali ya chama cha hisani. Watu wakarimu walitoa fedha, nyumba zikasimama. Baada ya kusimama nyumba, kila kijana aliyekuja alihitaji chakula, blanketi, viatu, mwalimu na nauli. Aghalabu kijana hakujilipia. Alilipiwa na mwajiri wake, au idara ya serikali, au shule yenye uwezo. Asiye na mwajiri, na ambaye shule yake haina kitu, hakuzuiwa na mtu, hakuitwa tu. Mfadhili hujenga mara moja, akapigwa picha akikata utepe, akaenda zake. Gharama ya mwaka wa pili, na wa kumi, na wa ishirini haina mtu wa kuikatia utepe. Ndipo hapana budi tuutazame mfuko wa baraza, kwa kuwa huo ndio mfuko pekee ujazwao upya kila mwaka.

Waingereza wenyewe walilijua tatizo hilo, na sheria yao ya elimu ya mwaka 1944 ilijaribu kulitatua. Yafaa uitazame kwa makini, maana mambo makubwa hufichwa katika maneno madogo. Kifungu cha 53 kilisema ni wajibu wa kila halmashauri ya elimu kuhakikisha kwamba pana nafasi za kutosha za michezo na mafunzo ya mwili. Kisha kikaendelea kusema kwamba kwa ajili hiyo halmashauri yaweza kujenga makambi na viwanja, au kuwasaidia wengine wanaovijenga. Umeuona mshono? Nafasi za kutosha ni wajibu. Kambi ni hiari. Halmashauri nyingi zilikuwa na watu wenye moyo, na hiari hiyo wakaitumia vizuri. Katika jimbo la Derbyshire mkurugenzi wa elimu alikuwa Jack Longland, mtu aliyekuwa katika msafara wa Everest wa mwaka 1933. Yeye alilishawishi baraza lake kufungua kituo cha White Hall mwanzoni mwa miaka ya 1950, na watoto wa wachimba makaa wakaanza kupanda majabali kwa gharama ya walipa kodi. Majimbo mengine yakafuata, mengine kwa kujenga vituo vyao, mengine kwa kuwalipia watoto katika vituo vya hisani.

Hata kodi za majengo zimefuata mtindo huo huo. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1988, chama cha hisani husamehewa asilimia 80 ya kodi ya jengo litumikalo kwa kazi zake. Asilimia 20 iliyobaki, baraza laweza kuisamehe likipenda. Tena twauona mshono ule ule. Miaka ya neema watu hawauoni. Baada ya mwaka 2010, serikali ya London ilipopunguza sana fedha za mabaraza, mshono ulifumuka. Madiwani walikaa na vitabu vyao vya hesabu wakaulizana: lipi ni la lazima? Kuwatunza wazee ni lazima, na kuwalinda watoto walio hatarini ni lazima. Kituo cha mlimani ni hiari. Vituo vingi vikauzwa au kufungwa, na vingine vikakabidhiwa vyama vya hisani ili vijitafutie riziki. Vyama hivyo vikapandisha ada, na mtoto wa maskini akawa wa kwanza kukosa nafasi.

Kwetu kamba ilikatika mapema zaidi, na kwa sababu nyingine. Mwaka 1950 Mabaraza ya Wenyeji yaligeuzwa kuwa Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika, na uhuru ulipokaribia mwaka 1963 yakawa Mabaraza ya Kaunti. Baraza la Kaunti ya Gusii lilikuwa na kazi nzito: shule za msingi, zahanati na barabara. Lilikuwa pia na kodi, ile iliyotozwa kila mtu mzima kwa kadiri ya kipato chake. Kazi zilikua upesi kuliko kodi, na mabaraza mengi nchini yakashindwa kuwalipa walimu mishahara. Ndipo Bunge lilipotunga sheria mwaka 1969, na kuanzia tarehe 1 Januari 1970 shule za msingi, afya na barabara zikachukuliwa na serikali kuu, isipokuwa katika miji mikubwa michache. Miaka minne baadaye, mwaka 1974, kodi yenyewe nayo ikaondoka. Baraza la kaunti likabaki na ushuru wa soko, leseni za maduka na ada za machinjio.

Sisemi kwamba baraza letu lilikuwa likiwapeleka watoto milimani hapo kwanza, likaacha. Nasema kwamba taasisi ambayo ingeweza kufanya hivyo, iliyo karibu na mtoto, yenye desturi ya kujitoza kwa ajili ya elimu tangu siku za babu zetu, ilinyang'anywa kazi na fedha pamoja. Kwa zaidi ya miaka arobaini hapakuwa na mlango wa kubisha.

Vyama vya hisani vilijaribu kuziba pengo. Mwaka 1968 wanafunzi na walimu wa Kenya walianzisha Vilabu vya Wanyamapori, vya kwanza vya aina hiyo katika Afrika, na maelfu ya watoto wa nchi hii walimwona twiga kwa mara ya kwanza kwa msaada wa vilabu hivyo. Karibu nasi zaidi, katika msitu wa Kakamega, vijana waongozao wageni walianza katikati ya miaka ya 1990 kuwafundisha watoto wa shule za jirani habari za miti, vipepeo na nyani wa msitu ule. Hiyo ni kazi njema, na imefanywa kwa fedha kidogo kuliko unavyodhani. Lakini chama cha hisani hakina haki ya kumtoza mtu. Huomba. Mwaka mfadhili akitoa, watoto huja. Mwaka akichoka, lango hufungwa.

Mimi mwenyewe nilikuwa katika klabu ya shule, na tulipangiwa safari ya Ziwa Nakuru. Kila mmoja alitakiwa kuleta fedha ya basi na ya kiingilio. Asubuhi ya safari, wanafunzi kumi na mmoja walisimama kando ya uwanja katika sare zao wakitutazama tukipanda. Mmoja wao alikuwa mvulana ambaye alijua majina ya ndege kwa Ekegusii kuliko mwalimu wetu alivyoyajua kwa Kiingereza. Tuliporudi jioni alituuliza habari za heroe, wangapi, na wanasimamaje majini, nasi tulimjibu vibaya, kwa kuwa wengi wetu tulikuwa tumekaa nyuma ya basi tukiimba. Nimewahi kufikiri tangu hapo kwamba kiti changu kilipewa mtu asiyestahili.

Turudi kwenye mabaraza. Mwaka 1999 yalianza kupata fungu la kodi ya mapato kutoka serikali kuu, na hilo liliyapa pumzi kidogo. Badiliko kubwa lilikuja na Katiba ya mwaka 2010. Mabaraza ya zamani yalikoma baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na kaunti 47 zikachukua mahali pake, Kisii moja na Nyamira nyingine. Katiba imeziwekea kaunti zote kwa pamoja fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya serikali kuu. Je, kaunti yaweza kutoa fedha kwa kituo cha mafunzo ya nje? Fungua Jedwali la Nne la Katiba usome mwenyewe. Shule za sekondari si kazi ya kaunti. Hilo li wazi, na ndilo hutajwa kwanza na afisa asiyetaka kusumbuliwa. Lakini mafunzo ya awali na vyuo vya ufundi vya vijijini ni kazi ya kaunti. Kadhalika bustani za umma na mahali pa burudani, viwanja vya michezo, na utekelezaji wa sera za kuhifadhi udongo, maji na misitu. Kituo kinachowafunza vijana katika bonde, kikipanda miti ya asili na kulinda chemchemi, chaweza kuingia kwa milango hiyo mitatu bila kuvunja sheria. Hakuna mlango hata mmoja ulioandikwa kwamba ni lazima. Tumerudi kwenye mshono wa Waingereza.

Diwani wa Nyamira atakuambia kwamba zahanati yake haina dawa, na kwamba mama anayejifungua hawezi kungoja watoto wamalize kupanda kilima cha Manga. Usimcheke. Hoja hiyo ni nzito, na anayeipuuza hajawahi kulala hospitalini. Atakuambia pia kwamba chama cha hisani si serikali, hakikuchaguliwa na mtu, na kwamba fedha za umma zikiingia humo huenda zisionekane tena. Hilo nalo ni kweli mara nyingine. Kwa sababu hiyo mimi sipendi baraza litoe fedha za kujengea. Jengo huwavuta wakandarasi kama sukari ivutavyo siafu, na likiisha kujengwa huachwa. Napenda baraza limlipie mtoto. Kituo kilete orodha ya watoto waliokuja kutoka shule za wilaya, siku walizokaa, na hesabu iliyokaguliwa. Baraza lilipe kwa kadiri ya vichwa. Kituo kibovu hakitapata watoto, na kisicho na watoto hakitapata fedha. Tena nafasi za kwanza ziwe za wale ambao wazazi wao hawawezi kulipa kitu. Fedha kama hiyo haimalizi dawa za zahanati.

Nayo Sironga si mahali pa kwenda mbali kutafuta somo. Mwaka 2009, wakati wa ukame, waziri wa mazingira John Michuki aliagiza mikaratusi iliyo kando ya mito na chemchemi ing'olewe, kwa kuwa hunywa maji mengi. Watu wa Gusii walinung'unika, maana mti huo ndio kuni za kiwanda cha chai, nguzo ya nyumba na karo ya mtoto. Tazama ugomvi huo ulivyo mwema kwa mwanafunzi! Katika bonde moja umepata elimu ya mimea, hesabu za uchumi, sheria na historia. Pima kina cha maji karibu na mikaratusi na mbali nayo. Muulize mwenye tanuri la matofali apata kiasi gani kwa juma. Muulize bibi yako mafunjo yalifika wapi alipokuwa msichana, ukaweke kijiti hapo. Mwalimu aliyejifunza kazi ya kuongoza watoto nje, kamba chache, viatu vya mpira na kibanda cha kujikinga mvua vyatosha kuanzia.

Makadirio ya fedha za kaunti hayana budi kufika katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Katiba yataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma, wala haikutaja umri wa mwananchi huyo. Mwezi wa Aprili mvua za masika huwa zimekwisha kuanza, na bonde limejaa. Ukishuka huko na mwalimu wako asubuhi moja kabla ya siku hiyo hutahitaji basi wala kiingilio, ila viatu ambavyo hutasikitika vikiloa, na daftari la kuandikia utakayoyaona, ili uwe na la kusema siku utakapoitwa kusema.